Pigo la Dramu ni la Nani?

Mwaka 1969 bendi ya The Winstons ya mjini Washington ilirekodi wimbo usio na maneno, "Amen, Brother", ukawekwa upande wa nyuma wa santuri ndogo ambayo watu waliinunua kwa ajili ya upande wa mbele. Katikati ya wimbo huo vyombo vyote hunyamaza, akabaki mpiga dramu, Gregory Coleman, peke yake kwa muda wa sekunde saba hivi. Kisha wenziwe hurejea. Sekunde saba hizo zimekwisha kuingia katika maelfu ya nyimbo za watu wengine, hasa Marekani na Uingereza. Coleman hakupata mrabaha kwa matumizi hayo. Alifariki Atlanta mwaka 2006, na inaelezwa kuwa hata makazi hakuwa nayo.

Chombo kilichoyarahisisha hayo ni mashine ndogo ya kunasa sauti na kuipanga upya. Mwaka 1987 kampuni ya E-mu ilitoa SP-1200, ambayo ilibeba sekunde 10 tu za sauti kwa jumla. Vijana wa New York waliotunga midundo ya hip-hop wakabuni hila: santuri iliyokusudiwa kuzunguka mara 33 kwa dakika waliizungusha mara 45, wakainasa sauti ikiwa imefupika, kisha wakairudisha katika mwendo wake ndani ya mashine. Uchache wa nafasi ukawa mwalimu, kama vile mizani inavyomfunza mtunzi wa shairi kutupa neno lisilo na kazi. Mwaka uliofuata Akai ikatoa MPC60, iliyobuniwa na Roger Linn, yenye vibonyezo 16 vya kupigwa kwa vidole. Ilipofika 2005, SP-404 ya Roland ilikuwa chombo cha kutia mkobani na kuendeshwa kwa betri.

Basi, achukuaye pigo la mwenziwe akalifanya msingi wa wimbo wake, ni mwizi au ni mrithi? Mahakama ya New York ilijibu mwaka 1991, katika shauri la msanii Biz Markie aliyetumia kipande cha wimbo wa Gilbert O'Sullivan. Jaji alifungua hukumu yake kwa amri ya Taurati inayokataza wizi. Tangu hapo kampuni za santuri zikawa zinaomba ruhusa kwa kila kipande, na kazi iliyojengwa kwa vipande kadha wa kadha ikawa ghali mno kutolewa. Hukumu hiyo ina haraka ndani yake. Aliyeibiwa ng'ombe hulala bila ng'ombe. Aliyenaswa sauti bado anayo sauti yake. Kama kuna dhulma, na hapana shaka ipo, si ya namna moja na ile ya zizini.

Watu wa pwani wana kipimo chao cha jambo hili, nacho ni takhmisa. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizichukua beti zinazonasibishwa na Fumo Liyongo, kila mishororo miwili ya kale akaitangulizia mitatu yake, ukapatikana ubeti wa mitano. Hakuna aliyemwita mwizi. Sababu ni kwamba jina la Liyongo limo katika jina la utungo wenyewe, na mishororo mipya ndiyo iliyotii kina cha ile ya zamani. Mgeni ndiye aliyefuata ada ya mwenye nyumba.

Lakini mfano huo una mpaka wake. Ushairi huchukua maneno, na maneno hutamkika kwa kinywa chochote. Mashine huchukua sauti yenyewe, yaani kiganja cha mtu fulani katika siku fulani. Na mwenye kiganja ndiye asiyehesabiwa. Clyde Stubblefield ndiye aliyepiga dramu katika "Funky Drummer" ya James Brown, iliyotoka 1970. Wimbo umepewa sifa ya mpigaji hata katika anwani yake, ila yeye hakuandikwa kuwa mtunzi, kwa kuwa desturi ya hakimiliki huona utunzi katika lahani na maneno, si katika mpigo. Kwa hiyo hata pale ruhusa ilipolipiwa, fedha zilikwenda kwa wenye wimbo na wenye rekodi. Hapo ndipo ukali wa yule jaji unapopungua thamani: unailinda mali na kuuacha mkono.

Wapo wasemao kuwa wanaotumia mashine hawafanyi kazi. Hayo ni maneno ya asiyesikiliza. J Dilla wa Detroit, ambaye albamu yake "Donuts" ilitoka tarehe 7 Februari 2006, siku tatu kabla ya kufariki kwake, mara nyingi aliikatalia mashine isimnyooshee mapigo, akayaacha yachelewe au yatangulie kidogo kama pumzi ya mtu. Mashine yake leo imo katika jumba la makumbusho ya historia ya Wamarekani Weusi mjini Washington, na mahali hapo panaistahiki. Ila jasho la mkopaji, liwe jingi namna gani, halifuti deni. Linampa haki juu ya alichoongeza; alichokikuta kina mwenyewe.

Mwaka 2015 wasikilizaji walichangishana fedha kwa ajili ya Richard Spencer, aliyekuwa kiongozi wa The Winstons, wakamkabidhi pauni 24,000 hivi. Hapakuwa na mahakama iliyowaamuru. Wengi wao walikuwa wamezicheza sekunde saba zile kwa miaka. Coleman alikuwa amekwisha kuzikwa miaka tisa nyuma.