Mtoto Aliyefundishwa Neno Moja

Katika kijiji kimoja cha Ufipa palikuwa na mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo. Kusema hakuweza, lakini nyumbani alieleweka. Akishikwa na kiu aligonga kifua. Akiona njaa alivuta kanga ya bibi. Asichokitaka alikisukuma kwa kiganja.

Baba yake, mchuuzi wa mahindi, aliona aibu. Watoto wa wenzake waliamkia wageni, wa kwake alipunga mkono tu. Akaweka lengo: ifikapo Krismasi, mtoto aseme "shikamoo". Ishara zikapigwa marufuku. Mkono ukiinuka ulishushwa: "Tumia mdomo!" Kikombe cha maji kilishikiliwa juu mpaka atoe sauti.

"Mama, ukizidi kumwelewa hivyo hatasema kamwe," alimwambia bibi. Bibi akanyamaza.

Krismasi ikafika. Wageni kutoka Sumbawanga mjini walipoingia, mtoto alikaza shingo, akatoa: "Shi-ka-mo." Vigelegele vikapigwa. Baba akachinja mbuzi.

Julai, baridi ya uwanda wa juu ilipokolea, familia ilikuwa ikipukuchua mahindi karibu na moto. Punje moja ikaingia sikioni mwa mtoto. Akamwendea bibi, mikono ameibana ubavuni kama alivyozoezwa, akasema, "Shikamo."

"Marahaba, mjukuu wangu," akajibu bibi, huku akipukuchua.

Akarudia, akaitikiwa. Mara ya tatu bibi akacheka: "Leo una adabu kweli, mume wangu!"

Siku zilizofuata alikataa chakula, akaambiwa anadeka. Usaha ulipolowesha mto ndipo akapelekwa hospitali. Muuguzi aliyeitoa ile punje akauliza, "Kwa kawaida akiumwa huwaambiaje?"

Baba hakuwa na jibu.

Funzo ni hili. Baba hakukosea kuweka lengo; alikosea kuliweka kwa ajili ya wageni. Lengo la mawasiliano huanzia kwenye haja ya mtoto mwenyewe: kuomba, kukataa, kuonyesha panapouma. Kwanza masikio yapimwe, maana asiyesikia vizuri ataigaje sauti? Kisha lengo liandikwe kwa namna ambayo mzazi, bibi na mwalimu wa elimu maalumu wote wataweza kulipima. Kwa mfano: "Ifikapo mwisho wa muhula, akiulizwa panapouma, atagusa sehemu hiyo ya mwili au picha yake, mara nne katika tano, nyumbani na shuleni." Picha zenyewe huweza kuchorwa kwa mkaa kwenye kipande cha boksi. Na hata kama nyumbani ni Kifipa na darasani ni Kiswahili, ishara iwe ileile.

Wapo wanaohofu kwamba ishara zitamfanya mtoto awe mvivu wa kusema. Tafiti zimeonyesha kwamba picha na ishara hazizuii usemi. Watoto wengine huzidi kusema wakizitumia. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, nao unazihesabu njia mbadala kuwa mawasiliano.

Neno la mdomo likija, lishangiliwe. Lakini wahenga walikwisha kuonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mtoto asinyang'anywe ishara inayomwombea maji, akapewa neno la kumfurahisha mgeni.