Mtamba wa Mwezi wa Kumi na Mbili

Katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Serengeti, Machochwe kikiwa kimojawapo, mkataba wa kuchunga ng'ombe kwa kawaida hauandikwi. Kijana, pengine mgeni kabisa pale, anapatana na mwenye mji: atachunga, atakula na kulala hapo, na mwaka ukiisha atapewa mtamba. Wapo wanaopatana kwa fedha, nao pia husubirishwa. Sitaki kubishana kama mtamba mmoja ni mali nyingi au kidogo. Swali langu ni hili: akifukuzwa mwezi wa kumi na moja, aondoke na nini? Jibu jepesi ni kwamba haondoki na kitu, mwaka haukutimia, na ndivyo walivyopatana. Mimi jibu hilo naliita wizi.

Wanaokwenda kanisani Jumapili au Sabato wanaijua kesi hii, ila huisoma kama habari ya ndoa. Yakobo alimchungia mjomba wake Labani miaka ishirini. Katika Mwanzo 31 analalamika kama mtu wa mshahara hasa: jua la mchana, baridi ya usiku, usingizi uliomkimbia, ujira uliobadilishwa mara kumi. Na kuna jambo wasomaji wengi hulipita haraka: mnyama aliyeraruliwa na wanyama wa porini alidaiwa yeye Yakobo. Sasa linganisha na Kutoka 22, ambako mchungaji wa mifugo ya mwenzake, mnyama akiraruliwa, anatakiwa alete mabaki yawe ushahidi, basi, halipi. Sheria ile ilitungwa na watu waliojua fisi ni nini. Inatenganisha uzembe na hatari ya kazi, na hatari ya kazi inamwangukia mwenye mali. Mahali ambapo fisi na simba hawana habari na mpaka wa hifadhi, ndama mmoja aliyeliwa akikatwa kwenye ujira wa mchunga anaweza kuumeza mwaka mzima. Kiangazi nyasi zikiisha, ng'ombe wakivuka mpaka, anayekutwa nyuma yao na fimbo mkononi ni huyohuyo mchunga. Mwenye mji yuko nyumbani.

Atajibu kwamba kijana alikubali kwa hiari yake. Hiari ya mwenye njaa ina walakini, lakini tuseme ilikuwa kamili. Mapatano hupanga kiasi na siku ya kulipa, wala si hayo yanayozaa deni. Deni linazaliwa jioni, ng'ombe wanaporudi zizini wameshiba na kunywa maji. Faida hiyo mwenye mji ameshaipokea na hawezi kuirudisha hata akitaka. Ndiyo maana Kumbukumbu la Torati 24 inaagiza kibarua maskini alipwe kabla jua halijatua, na Mtume Muhammad akahimiza alipwe kabla jasho lake halijakauka. Dini zote mbili zimepima haki ya ujira kwa saa, kwa kuwa kuchelewesha kunampa aliyepokea kazi nafasi ya kuikana. Kwamba kijana alikula na kulala hapo, sawa. Hata maksai wa plau hulishwa, na hakuna anayesema maksai amelipwa.

Hoja inayonisumbua zaidi ni nyingine. Mtamba ni akiba. Kijana asiye na urithi huanzia hapo kupata zizi lake, lakini akipewa fedha kila mwezi zitaishia kilabuni. Kuna ukweli ndani yake, na sioni sababu ya kuifuta desturi hiyo. Ila akiba ni mali ya aliyeiweka. Thamani ya mtamba ikigawanywa kwa kumi na mbili mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, anayeondoka mwezi wa saba ana sehemu saba zake, hata kama ameondoka kwa ugomvi.

Haya si mageni kwa sheria zetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, kwa hiyo mchunga wa miaka kumi hana mkataba wa kujadiliwa hata kidogo. Inataka pia anayeachishwa kazi alipwe ujira wa kazi aliyokwisha kufanya. Utasikia kwamba hayo ni ya watu wa ofisini, huku kijijini ni mila. Lakini kilimo kilikuwamo katika amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza Januari 2023, kwa shilingi 140,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ilikuwa 1,680,000. Mwenye mji anayejua bei za mnadani hahitaji kuelezwa ni mtamba wa namna gani anayefika hapo, wala ni wangapi.