Je, Kutembea Pasipo Haja Ni Uvivu?

Wazee wetu wametuachia methali mbili ambazo, zikisikiwa pamoja, zaonekana kugombana. Moja yasema, "Mtembezi hula miguu yake." Nyingine yasema, "Tembea uone." Ya kwanza yamlaumu mtu azungukaye huku na huku, ya pili yamhimiza aende. Basi nataka tuulizane leo: mtu ashikaye njia pasipo kutumwa, asiyekwenda shambani wala sokoni wala kwa mgonjwa, ila atembea tu apate kuona miti na milima, je, ni mvivu? Au yumo katika jambo jema?

Swali hili halikunijia kitabuni. Kijijini kwetu kuna kilima kidogo nyuma ya kanisa, chenye miti ya asili juu yake na chemchemi chini yake. Mwanzo wa mwaka huu palikuwa na baraza, na mzee mmoja akasema, "Kilima hiki kimekaa bure. Hakilimwi wala hakichungwi. Na tukigawe, kila nyumba ipate sehemu yake." Wakaambiwa wanaokubali wainue mikono. Mimi, niwafundishaye watoto habari za miti na mvua, naliinua mkono wangu pamoja na wengine, kwa maana nina watoto watatu na shamba langu ni dogo. Shauri likaahirishwa mpaka baada ya mavuno, ili wazee wapate kulimaliza.

Shule zilipofungwa nalikwenda Nairobi kumtazama mdogo wangu, ambaye ni fundi wa kushona nguo huko. Siku ya Jumamosi akaniambia, "Kaka, leo twende tukatembee msituni." Nikamwuliza, "Twaenda kuchukua nini?" Akacheka, akasema, "Hatuchukui kitu. Twatembea tu." Langoni nikaona watu wanatoa fedha wapate kuingia. Nikamnong'oneza, "Tangu nizaliwe sijapata kulipa ili niende kwa miguu yangu mwenyewe."

Msitu huo ni Karura, ulio upande wa kaskazini wa mji. Nairobi ulianza mwaka 1899, ulipokuwa kituo cha reli, na jina lake latoka katika lugha ya Wamasai, maana yake ni maji baridi. Katika hesabu ya mwaka 2019 walipatikana humo watu 4,397,073. Karibu kabisa na wingi huo wa watu umebaki msitu wa hekta zipatazo 1,000, uliowekwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932. Ndani yake mna njia za miguu ambazo zikijumlishwa zapita kilomita 50. Moja yashuka hata kwenye maporomoko ya maji. Nyingine yafika kwenye mapango ambamo, kama isemwavyo, wapiganaji wa Mau Mau walijificha katika miaka ya 1950. Nyingine yapita kati ya mianzi. Tukaona kima matawini, na mbega pia, wanyama waliorudishwa humo baada ya kutoweka. Tulipokwisha kwenda mwendo wa nusu saa, ngurumo ya magari ikapotea masikioni mwetu, nasi tukawa twasikia nyayo zetu wenyewe.

Moyoni nalidhani ya kuwa msitu ule umebaki kwa sababu mji haukuuhitaji. Sivyo hata kidogo. Mdogo wangu akanikumbusha mambo yaliyotokea nilipokuwa mtoto. Katika miaka ya 1990 sehemu za Karura ziligawiwa kwa siri watu wenye nguvu, wapate kujenga majumba. Profesa Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement ya mwaka 1977, akaenda na wenzake kupanda miti mahali palipokuwa pamekatwa. Tarehe 8 Januari 1999 walikutwa langoni na kundi la wanaume wenye silaha, wakapigwa, naye akapasuliwa kichwa. Alipofika polisi kuandikisha mashtaka yake, alitia alama kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule rais akatangaza kwamba ugawaji wa ardhi ya umma umesimamishwa. Mwaka 2004 mama yule akapewa Tuzo ya Nobeli ya Amani; mwaka 2011 akafariki dunia. Tena hata baada ya hayo watu waliogopa kuingia Karura kwa ajili ya wanyang'anyi, mpaka majirani walipounda chama cha Marafiki wa Karura mwaka 2009, msitu ukazungushiwa ua, na askari wakawekwa.

Niliposikia hayo nalinyamaza, kwa kuwa naliukumbuka mkono wangu. Wale waliotaka Karura nao walikuwa na neno lile lile la baraza letu, kwamba mahali hapa pamekaa bure. Mtaikumbuka habari ya Nabothi na shamba lake la mizabibu. Mfalme Ahabu hakusema ya kuwa ataka kuliharibu. Alitaka bustani ya mboga, na mboga si kitu kibaya. Dhambi huja mara nyingi imebeba kikapu cha mboga. Hutuonyesha faida iliyo karibu, ili tusiulize ni urithi wa nani tunaouuza.

Siku ya Jumatatu tukaenda milima ya Ngong, kusini magharibi ya mji. Hiyo ni safu ya vilele vinavyofuatana kama vifundo vya ngumi, na kilele kilicho juu kupita vyote, Lamwia, kimo chake ni mita 2,460. Njia yaanza karibu na mji mdogo wa Ngong, yapanda na kushuka juu ya mgongo wa milima kwa kilomita 10 na zaidi, hata kufika upande wa Kona Baridi. Upepo wa huko ni mkali, na watu wameutia kazini: wamesimamisha minara mirefu yenye mapanga yanayozunguka na kutoa umeme. Ukisimama kileleni, upande wa mashariki waona Nairobi umetandazwa chini yako, na upande wa magharibi nchi yateremka hata Bonde la Ufa. Wenye nguvu zaidi huenda mbali kupita hapo, hata Longonot, mlima wa volkano wenye kimo cha mita 2,776, wakauzunguka ukingo wa shimo lake.

Kwenye mteremko tukamkuta kijana mmoja wa Kimasai, achunga kondoo. Baada ya salamu akatutazama sana, akauliza, "Mmepotewa na nini?" Alidhani twatafuta mnyama, maana kwake yeye hapana mtu apandaye mlima pasipo sababu. Nikamjibu, "Hatukupotewa na kitu." Lakini tulipokuwa tukishuka jibu langu likanisumbua. Je, hakika sikupotewa na kitu? Ni miaka mingapi nimepita chini ya kilima cha kwetu kila asubuhi, nikienda shuleni mbio, nisijue hata majina ya ile miti? Kama ningalikwenda kule juu siku moja tu pasipo haja, huenda ningaliona haya kuinua mkono.

Hapa naijua hoja itakayoletwa juu yangu, nayo ni nzito. Mtu atasema, "Mwalimu, maneno haya ni ya watu walioshiba. Mama yetu hupanda kilima kutafuta kuni, mzigo mgongoni, jua kichwani. Yeye hutembea kuliko hao wote, wala hapana amwitaye mtembezi. Je, si dhihaka kwake, mwingine apande njia ile ile kwa kujifurahisha?" Nakubali ya kuwa yaweza kuwa dhihaka. Atembeaye akimpita mama mwenye mzigo bila kumpisha wala kumwamkia, akatupa takataka njiani, akarudi nyumbani kujisifu ya kuwa amefika kileleni, huyo kweli amekula miguu yake, na miguu ya wenzake pia. Tena mwenye kutembea wakati watoto wake wangoja chakula ni mvivu, hata akiita matembezi yake kwa jina zuri.

Lakini tusimhukumu kila mtu kwa kosa la mmoja. Twasoma habari za Isaka, jinsi alivyokuwa kondeni jioni, wala hakuwa akilima wala kuchunga, bali akiwaza peke yake. Bwana wetu naye aliyaacha makutano akapanda mlimani, ijapokuwa wagonjwa walikuwa wangali wengi. Hakuwaacha kwa kuwachoka; alishuka tena, akawahudumia. Nadhani hapa ndipo methali zetu mbili zipatanapo. Matembezi hupimwa kwa yule arudiye. Ukirudi mpole kuliko ulivyoondoka, ukirudi na nguvu ya kazi yako na jicho la kumwona jirani yako, hukutembea bure, hata kama mikono yako ni mitupu.

Tena liko neno la pili, nalo ndilo lililonifanya niandike. Kitu tusichokijua ila kwa faida yake, tutakiuza siku faida nyingine itakapotokea. Shamba huchungwa na mwenye shamba, na ng'ombe na mwenye ng'ombe. Lakini chemchemi, na kivuli, na mlima, ni vya watu wote, na kilicho cha wote huonekana kama hakina mwenyewe. Ni nani atakayekilinda, kama si mtu aliyekizoea na kukipenda? Mama yule aliyepigwa Karura hakutetea matembezi. Alitetea maji na miti na haki ya watu wote. Lakini sisi tunaotembea leo chini ya miti ile tu wadeni wake, na mdeni mwema hulipa kwa kulinda kilichobaki.

Hata mama mwenye kuni ana haja ya mtetezi huyo. Kilima kikigawiwa, kila mwenye sehemu atazungusha ua wake, naye ataambiwa, "Usipite hapa." Chemchemi ikikauka, ni yeye atakayekwenda mbali zaidi na ndoo yake. Basi amwonaye atembea bure juu ya kilima asimcheke upesi. Huenda siku ya baraza ndiye atakayemsemea.

Mavuno yamekwisha sasa, na baraza litakaa tena. Nimekusudia kusimama mbele ya wazee wangu na kusema ya kuwa nalikosa, nami naurudisha chini mkono wangu. Najua ya kuwa shamba langu litabaki dogo, na huenda watoto wangu wataniuliza sababu. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, baada ya ibada, naliwachukua wote watatu tukapanda kilimani. Mdogo wao akaniuliza, "Baba, twaenda kuchukua nini?" Nikamwambia, "Hatuchukui kitu, mwanangu. Twaenda kuona ni kitu gani tulichopewa."