Kitabu Mkononi, Mgeni Mlangoni



Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), aliyemfundisha mwanadamu kubainisha, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na Sahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, ukipita katika mabweni yetu hapa Mbale, ukiacha Msahafu na vitabu vya masomo, vitabu utakavyovikuta kitandani ni hivi viwili: kile cha Sheikh Aaidh al-Qarni cha kutuambia tusihuzunike, na kile cha Mmarekani Dale Carnegie cha kupata marafiki na kuwavuta watu, kilichotoka mwaka 1936. Wapo wanaosema hiki cha pili hakimfai mwanafunzi wa dini. Mimi sisemi hivyo. Sheikh Muhammad al-Ghazali wa Misri (huyu aliyefariki mwaka 1996, si Imamu Ghazali wa Ihya) alikichukua kitabu kingine cha Carnegie, cha kuacha wasiwasi, akaandika Jaddid Hayatak. Humo anaweka maneno ya yule Mmarekani, kisha anaweka aya na Hadithi kando yake, na mwenye maneno anamtaja waziwazi. Ikiwa msomi wa Al-Azhar alisoma hivyo, sisi ni nani wa kufunga mlango?

Ila yeye alisoma akiwa na mizani. Muhula uliopita nilipewa darsa baada ya Isha, nikasimulia kwamba Carnegie, pamoja na kuwafundisha watu furaha, mwishowe alijiua. Nilikisikia kisa hicho kwa mhubiri, kikanipendeza, nikakipitisha. Darsa ilinoga kwelikweli. Usiku ule ule dada mmoja wa mwaka wa tatu akanitumia ujumbe, kwa adabu kabisa: Carnegie alifariki mwaka 1955 kwa maradhi, hiyo ya kujiua nimeitoa wapi? Sikuwa na jibu. Sisi tunaosomea isnadi, tunaojua mpokezi dhaifu anavyoiangusha riwaya, tunamzushia maiti kifo kwa sababu kisa ni kitamu! Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuhakiki habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua. Wiki iliyofuata nilisimama pale pale nikakikanusha. Ilikuwa darsa fupi.

Hilo lilikuwa jepesi. Zito ni hili.

Siku moja baada ya Alasiri nilikuwa msikitini, nimeegemea nguzo, nasoma katika kitabu hicho hicho mlango unaohusu kumsikiliza mtu. Akaja kijana wa mwaka wa kwanza, namjua kwa sura tu. "Samahani kaka, nina jambo." Nikamwambia angoje nimalize kurasa mbili. Akakaa pembeni, akatazama simu yake, kisha akainuka akaenda zake. Nilimwona akiondoka. Sikumwita, maana nilikuwa napigia mstari sentensi.

Hakurudi tena kwangu. Mitihani ilipokaribia nikasikia amerejea kwao, ada imemshinda. Labda alitaka kuniuliza habari za ada, labda ni swala za kulipa, labda alitaka tu mtu wa kuzungumza naye. Sijui mpaka leo.

Surat Abasa wengi wetu tuliihifadhi madrasa, utotoni. Ibn Umm Maktum (R.A.), kipofu, alimjia Mtume (S.A.W.) naye akiwa anawalingania wakubwa wa Kikureshi. Ilikuwa kazi ya kheri tupu, na bado Allah aliteremsha aya kwa ajili ya yule aliyekuja mwenyewe mbio. Mimi kazi yangu ilikuwa kurasa mbili.

Hayo mafunzo ya mawasiliano tunayoyatafuta mbali yamejaa katika Sira. Bi Aisha (R.A.) amesimulia kwamba Mtume alizungumza kwa namna ambayo mtu angeweza kuyahesabu maneno yake. Na yule kijana aliyekuja kuomba ruhusa ya zinaa, katika Hadithi aliyoipokea Imamu Ahmad, watu walimkemea. Mtume akamwambia asogee karibu. Akakaa. Ndipo akamuuliza kama angeliridhia jambo hilo kwa mama yake, kwa binti yake, kwa dada yake, kisha akaweka mkono juu yake akamwombea dua. Maswali ya namna ile hata vitabu vya leo vinayafundisha, na Carnegie mwenyewe anasisitiza kwamba kumjali mtu kuwe kwa kweli. Lakini tazama kilichotangulia maswali: kijana alisogezwa karibu.

Tena, Musa na Harun (A.S.) waliamrishwa wamwambie Firauni kauli laini, kama ilivyo katika Surat Taha, aya ya 44. Waliisema, na Firauni akazidi kiburi. Kwa kipimo cha kuwavuta watu, hapo wangehesabiwa wameshindwa. Basi tunaposoma vitabu hivi tujiulize tunapima kwa kipimo gani.

Namba ya yule kijana nimeipata kwa mwenzake aliyeishi naye chumba kimoja. Nimepiga mara mbili, haipatikani. Leo baada ya Maghribi nitapiga tena, in shaa Allah. Mwenye kuonana naye kabla yangu amwambie kwamba yule kaka wa nguzoni anamtafuta.

Wabillahi tawfiq.