Uzi wa Saba

Kijana mmoja mpiga gitare alituuliza: niache gitare yangu ya nyuzi sita, ninunue ya umeme yenye nyuzi saba? Hatukumkataza, wala hatukumtuma dukani.

Tujue kwanza kitu chenyewe. Mwaka wa 1990 kampuni ya Ibanez ilitoa gitare ya namna hiyo pamoja na Mmarekani Steve Vai. Uzi wa saba ni mnene. Sauti yake ni si, chini ya mi. Shingo inakuwa pana, vidole vinajifunza upya, na sauti ile nzito inaweza kugongana na besi.

Tumkumbuke pia Jean-Bosco Mwenda wa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey alirekodi wimbo wake "Masanga". Nyuzi zilikuwa sita, na mkono wa kuume ulipiga kwa vidole viwili: gumba na kile cha kuonyeshea.

Basi, kijana, jiulize: ni wimbo unaodai sauti hiyo, au ni jicho lililoona gitare ya jirani? Kama ni wimbo, nunua bila haya. Kama ni jicho, hata nyuzi kumi hazitalishibisha.