Mvuvi Akisema Haramu

Samaki wa baruti hujulikana kwenye kisu. Mpasue changu aliyeuawa kwa mlipuko: kibofu cha hewa kimetoboka, damu imevilia tumboni, nyama imelegea. Chupa moja ya mbolea iliyochanganywa na mafuta na kutiwa utambi huua wakubwa kwa wachanga, na kwa kuwa wengi wao huzama badala ya kuelea, mvuvi huambulia sehemu tu ya alichokiua. Matumbawe yaliyosagika huchukua miongo kujirudi.

Misali, kisiwa kidogo magharibi mwa Pemba, kilitangazwa hifadhi mwaka 1998. Wavuvi wamezoea kupiga dago, yaani kambi ya uvuvi, huko, na wazee husimulia kwamba Nabii Khidhr alipofika alitaka msala wa kusalia, ukakosekana, akasema kisiwa chenyewe, kwa jinsi kilivyoelekea kibla, kitakuwa msala wake. Utakatifu huo haukuzuia baruti, wala sheria za serikali hazikuizuia. Ndipo shirika la CARE, pamoja na Fazlun Khalid, mzaliwa wa Sri Lanka aliyeweka makazi Uingereza na kuanzisha taasisi ya Kiislamu ya mazingira, wakaleta hoja nyingine kwa wavuvi, maimamu na walimu: kulipua mwamba si kosa la kisheria tu, ni israfu, ni ufisadi, ni khiana kwa amana aliyokabidhiwa mwanadamu. Habari ilienea hadi nje ya nchi. Mvuvi mmoja alinukuliwa akieleza kwamba serikali mtu anaweza kuipuuza, lakini sheria ya Mungu hakuna awezaye kuivunja.

Zanzibar imekuwa darasa la vijana wa nje kwa miaka mingi sasa. SIT, taasisi ya elimu yenye makao Vermont nchini Marekani, huwaleta wanafunzi wa vyuo vikuu kusoma ikolojia ya pwani. Hujifunza Kiswahili, hukaa na familia za wenyeji, kisha kila mmoja hupewa wiki chache za utafiti wake mwenyewe na kuandika ripoti. Tumchukue mmoja wao, wa kufikirika, ameketi ufukweni Wesha, kisiwani Pemba, na fomu ya maswali. Anamwuliza mvuvi kwa nini hatumii baruti. Anajibiwa neno moja: haramu. Fomu ina kisanduku cha jibu hilo, kimeandikwa “imani na mitazamo”. Anatia alama, anageukia swali la saba.

Kuna kitu kimepotea hapo, na si kidogo. Mvuvi amesema jambo kuhusu bahari: kwamba ina Mwenyewe, na kwamba kuiharibu ni dhambi iwe samaki wamebaki au wamekwisha. Mwanafunzi ameandika jambo kuhusu mvuvi. Dai limegeuzwa dalili, kama daktari anavyosikia kikohozi.

Hakuna kanuni ya utafiti iliyovunjwa. Maadili yanayofuatwa vyuoni Marekani yametokana kwa sehemu kubwa na Ripoti ya Belmont ya mwaka 1979, iliyoandikwa baada ya kashfa ya Tuskegee, ambako kwa miaka 40 wanaume weusi wenye kaswende waliachwa bila tiba ili ugonjwa utazamwe. Ripoti inadai heshima kwa mtu, kumtendea mema na haki. Ni kinga ya lazima. Lakini haimdai mtafiti ajiulize hata mara moja iwapo anayehojiwa amesema kweli.

Wenye miradi nao wana swali lao, la haki kabisa: je, mahubiri yanafaa kitu? Jibu si rahisi. Pwani ya Tanzania Bara, yenye misikiti mingi, baruti ililipuka kwa miongo, ikapungua sana baada ya mwaka 2015 dola ilipotuma kikosi cha pamoja cha polisi na idara nyingine. Hata hivyo, swali hilo hupima manufaa. Ikiwa aya inapendwa kwa sababu tu inarudisha samaki, siku pingu zitakapofanya kazi vizuri zaidi aya itawekwa kando. Mtoto wa madrasa anajua kuwa amali hufuata nia, na hapa ziko nia mbili ndani ya chombo kimoja: mfadhili anataka samaki, mvuvi anataka radhi.

Tena wavuvi wenyewe hawakubaliani. Husikika pwani hoja ya pili, nayo ni ya dini vilevile: riziki hutoka kwa Mungu, bahari ni yake, sasa binadamu gani wa kumfungia mwenzake mwamba? Katika jedwali la mwanafunzi, wawili hawa wataangukia safu moja ya “imani”, ilhali wanapingana. Kuwatenganisha kunahitaji kuingia kwenye ubishi wao, kumwuliza sheikh, kupima hoja kwa hoja.

Jambo hili limewahi kufanyika. Al-Biruni, mwanachuoni Mwislamu aliyeandika kitabu chake juu ya India karibu mwaka 1030, alijifunza Kisanskriti, akazieleza itikadi za Wahindu kama wao wanavyozishika na kuzilinganisha na fikra za Wayunani. Mengi hakuyakubali, na alisema hivyo. Huwezi kumpinga mtu ambaye hukumchukulia kuwa amesema kitu.

Na hapo ndipo penye ugumu kwa mgeni wetu wa Wesha. Akikiri kwamba mvuvi huenda amesema kweli, israfu haibaki kuwa mada ya baruti peke yake. Mvuvi anaweza kumwuliza kuhusu ndege iliyomleta kutoka Marekani, kuhusu mafuta iliyoyachoma, na kuhusu matumbawe yanayopauka bahari inapopata joto. Fomu yake haina kisanduku cha kujibia swali hilo, na wiki zake ni chache.