Simu ya Bure Hulipwa na Nani?



Katika nyumba zetu za ughaibuni imeingia hesabu moja ambayo wazee wetu hawakuijua, na sasa imekaa bega kwa bega na hesabu ya umeme na ya maji. Nayo ni hesabu ya simu. Zamani simu ilikuwa moja kwa nyumba nzima, imewekwa ukumbini juu ya kitambaa cha kufuma, na wengi mtakumbuka kile kikufuli kidogo kilichotiwa kwenye duara la namba ili watoto wasipige ovyo. Leo nyumba ya watu saba ina laini tisa, na kikufuli hakuna.

Mimi ni mhandisi wa umeme, nimesomea Uingereza, na kwa karibu miaka thelathini kazi yangu imekuwa kupima kinachoingia na kinachotoka. Kwa sababu hiyo jamaa na majirani hapa Manah huniuliza wafanye nini ili wapunguze gharama za simu. Upande wa ufundi wa swali hilo hauna ugumu mkubwa, kwa hivyo niumalize kwanza. Kaa chini uandike laini zote za nyumba yako, na kila moja inakula kiasi gani kwa mwezi; huenda ukakuta moja au mbili zinalipiwa na hakuna anayezitumia. Angalia vifurushi vinavyojirudia vyenyewe bila ya mtu kuviomba. Zima ule mtindo wa video kucheza zenyewe mtu anapopitisha kidole tu. Picha za simu zihifadhiwe kwa intaneti ya nyumbani, si kwa data ya laini. Watoto wapewe laini ya kulipia kabla, salio likiisha liwe limeisha. Na ukisafiri, zima data kabla ndege haijatua. Haba na haba hujaza kibaba, na mwisho wa mwezi utaona rial kadhaa zimebaki mfukoni.

Lakini swali hili lina upande mwengine, na upande huo hauna fundi. Kila baisa inayookolewa katika mazungumzo inatoka mdomoni mwa mtu fulani. Basi kabla ya kubana matumizi, hapana budi tuulize: tunayembana ni nani?

Watu wa Afrika Mashariki walilijibu swali hili mapema sana, tena bila ya kikao chochote. Simu za mkononi zilipoanza kuenea, simu isiyopokelewa haikutozwa kitu. Watu wakaligundua hilo wakazua kubipu: unapiga, unakata kabla mwenzio hajapokea, naye anajua kwamba unamhitaji. Kule Kenya, Safaricom ilipoanza mwezi wa Oktoba 2000 ilitoza kwa sekunde badala ya dakika, na hapo hata pumzi ya mtu ikawa na bei. Mtafiti mmoja, Jonathan Donner, aliyechunguza mambo haya nchini Rwanda, aliandika mwaka 2007 kwamba kubipu kuna kanuni zake ambazo kila mtu anazijua. Kubwa katika hizo ni kwamba mwenye uwezo ndiye anayelipa. Mwanafunzi humbipu mjomba wake. Mjomba hambipu mwanafunzi. Na kijana anayemtaka msichana hathubutu kumbipu, maana atajionesha kapuku kabla hata posa haijapelekwa. Niliposoma hayo nilicheka, kwa sababu sisi wenye jamaa Unguja na Pemba hatukuhitaji utafiti. Asubuhi ya Ijumaa bip zilikuwa zikiingia Maskati kama mvua ya vuli.

Wako waliozichukia, wakisema ni tabia ya kuombaomba. Mimi sioni hivyo. Bip ilikuwa kodi ndogo ya udugu, inatozwa kwa kadiri ya uwezo, na mtozaji wake alikuwa na adabu: alikujulisha tu, akakuachia wewe uamue lini utapiga.

Sasa tazama kilichotokea zilipokuja simu za intaneti. Katika simu ya kawaida anayepiga hulipa yote. Anayepokea, akiwa kwao, halipi kitu. Shangazi yako wa Makunduchi anaweza kuwa na salio sufuri na akazungumza nawe saa nzima. Lakini ukimpigia kwa intaneti, kila upande unajinunulia njia yake. Wewe uliyeko London au Toronto uko kwenye intaneti ya nyumbani iliyokwisha kulipiwa mwezi mzima, kwa hivyo huhisi chochote. Yeye yuko kwenye bando la siku au la wiki, alilolinunua kwa fedha iliyobaki baada ya kitoweo. Unakata simu unasema, "Alhamdulillahi, nimepiga bure." Si bure hata kidogo. Sehemu yako ya gharama imefutika, na yeye amezaliwa na gharama ambayo hakuwa nayo. Ile kanuni ya bip, kwamba mwenye nacho ndiye alipe, tumeipindua miguu juu na hakuna aliyepiga kura.

Sisi wa Oman tusijione tumepona. Kwa miaka mingi simu za sauti za WhatsApp zilizuiliwa hapa, kwa hivyo tulizoea kutuma ujumbe wa sauti, na pamoja nao tukazoea kutuma video: za harusi, za mapishi, za mawaidha, za paka. Simu ya shangazi, kama haikurekebishwa, inazipakua zote moja baada ya moja kabla yeye mwenyewe hajaamka.

Matokeo yake ni kwamba shangazi anazima data. Anaiwasha baada ya magharibi kwa dakika kumi, anasoma aliyoletewa, anaizima tena. Ujumbe wako wa asubuhi umekaa na tiki moja mchana kutwa. Nawe unanung'unika kwamba watu wa nyumbani siku hizi hawajibu mpaka wawe na shida. Neno hilo nimelisikia barazani mara nyingi, na kila nikilisikia natamani kuuliza: bando lake la mwisho alimnunulia nani?

Hapa hesabu kidogo ya kihandisi inasaidia, maana watu hudhani kuzungumza ndiko kunakokula data. Mfumo wa GSM ulipoanza, sauti ya mtu ilibanwa mpaka ikawa biti 13,000 tu kwa sekunde. Ukipiga hesabu, mazungumzo ya saa nzima, kwenda na kurudi, hayafiki megabaiti 12. Filamu ya picha safi inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa. Yaani saa moja ya filamu ni sawa na saa 250 za maneno. Simu za intaneti hutumia zaidi ya hapo, nakubali. Lakini hata ukizidisha mara nne, bado saa moja ya filamu inalipia zaidi ya saa sitini za mama na mwanawe. Sauti ya binadamu ni kitu chepesi mno. Tunachokilipia kwa wingi ni kingine, na tunapotaka kubana tunaanza na ile sauti, kwa sababu ndiyo inayosikika nyumbani. Mwenye kutazama filamu amevaa spika za masikioni, hana kelele.

Mgawanyo ulio sawa zaidi kuliko huu tunao hapa hapa miguuni petu, nao ni wa falaji. Kwa wasiokaa Oman: falaji ni mfereji wa kale unaoyatoa maji chini ya ardhi na kuyaleta mjini kwa mteremko tu, bila ya pampu. Mwaka 2006 UNESCO iliziingiza falaji tano za Oman katika urithi wa dunia, mojawapo ikiwa falaji Daris ya majirani zetu wa Nizwa. Wageni hustaajabia mteremko, na wana haki. Mimi kila nikizeeka nastaajabia zaidi mgao. Maji ya shamba hugawanywa kwa muda. Kipimo chake ni athar, ambayo ni kiasi cha nusu saa, na zamani ilipimwa kwa kivuli cha jua mchana na kwa nyota usiku. Mtu hurithi athar zake, au hununua, au hukodi, na nyengine ni wakfu wa msikiti. Kuna wakili wa falaji anayesimamia zamu, na watu wamegombana kwa ajili ya athar moja mpaka wakanuniana miaka.

Lakini yote hayo huanza baada ya maji kupita mahali pa mwanzo, pale yanapoingia mjini. Hapo ni pa kunywa, na hapo hapana athar. Anakunywa mwenye mashamba, anakunywa kibarua wake, anakunywa mpita njia asiyejulikana jina. Kisha maji huenda msikitini na kwenye mahodhi ya kuogea, na mwisho kabisa ndiyo yanaingia mitendeni na kuanza kuhesabiwa. Hakuna aliyeona kwamba mpango huo utamfilisi. Kinachonywewa ni kidogo sana mbele ya kinachomwagwa shambani, na anayesimama kukipima hapati shamba kubwa zaidi. Anapata jina baya tu.

Basi na nyumba iwe na mahali pake pa kunywa. Simu ya kumjulia hali mzazi, simu ya mgonjwa, simu ya mtu aliye mbali na mtoto wake, hizo zitoke katika hesabu kabla ya hesabu kuanza. Yaliyobaki, filamu na michezo na video zisizo na mwisho, hayo ndiyo mashamba, na hapo baba awe wakili mkali apendavyo.

Kuna mtu mmoja ambaye hupimiwa maji ya kunywa kuliko wote, na nadhani tunaona haya kumtaja. Katika nyumba nyingi za Ghuba, na za Waswahili zimo, yupo binti kutoka Tanga au Singida au Mombasa anayepika na kulea. Gharama zikizidi, yeye ndiye wa kwanza kubadilishiwa neno la siri la intaneti. Sababu hazikosekani: anazungumza sana, kazi inalala, anatoa siri za nyumba. Wako wanaoiweka simu yake kabatini na kumpa mara moja kwa wiki. Turudi kwenye hesabu yetu. Akizungumza na mwanawe nusu saa kila siku kwa mwezi mzima, hata kwa kile kipimo cha kuzidisha mara nne, hatumii robo ya saa moja ya filamu anayotazama kijana wa nyumba chumbani kwake. Basi anayemfungia asisingizie gharama. Aseme kwamba anapenda kumfungia, tumjue.

Rafiki yangu mmoja mhasibu, tuliyesoma pamoja, hakubaliani na mimi. Anasema ukifungua mlango huo kila mtu atadai kwamba simu yake ni maji ya kunywa, na mwisho wa mwezi utalipa yote. Tena anasema, na hapa ana hoja ya kweli, kwamba ile fedha iliyookolewa haikuwa ya anasa: inalipa ada ya skuli ya mtoto wa ndugu kule kule nyumbani, na mtoto huyo anahitaji ada kuliko sauti ya mjomba. Simpingi kuhusu ada. Ila nimwambie hivi: mtoto anayeletewa ada na mtu asiyemjua hata kwa sauti atakuja kumwita mfadhili, na neno mjomba litapotea njiani. Kuhusu kila mtu kudai, jawabu ni lile la falaji. Pale pa kunywa mtu huja na kikombe. Anayekuja na mfereji anajulikana.

Kwetu sisi tulikaa na mama watoto tukapanga hivi. Jamaa watatu wa nyumbani tunawanunulia bando kutoka hapa kila mwezi, kabla hatujalipa chochote chetu. Bibi mzaa mama, ambaye mambo ya intaneti hayapendi, hupigiwa kwa simu ya kawaida, anayepiga alipe, kama zamani. Safari iliyopita nilishika simu ya kila jamaa niliyemtembelea nikazima kule kupakua video kwenyewe; kazi ya dakika mbili, na nimeombewa dua kuliko nilivyowahi kuombewa kwa kanzu na mabegi ya zawadi. Dada anayetusaidia nyumbani ana intaneti kama sisi, na jioni ana saa yake. Filamu zimepunguzwa, na aliyepunguziwa zaidi ni mimi na mpira wangu.

Limebaki jambo moja ambalo hatujaafikiana. Mwanangu mkubwa amechumbia, na mchumba yuko Mombasa. Anadai kwamba simu zake za usiku, ambazo mara nyengine zinafika alfajiri, ziandikwe katika maji ya kunywa, na mama yake anamuunga mkono. Mimi nasema hilo ni shamba, tena shamba la majani ya ng'ombe, ambalo kila mkulima wa hapa anajua linavyokunywa.